Rangi ya paa isichaguliwe kwa weupe tu

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mapaa. Nawasihi wanaonunua rangi ya kuakisi joto waulize namba mbili: kiasi cha mwanga wa jua inaourudisha, na uwezo wake wa kutoa joto lililokwisha kuingia. Bati tupu linalong'aa hurudisha mwanga vizuri lakini hung'ang'ania joto, ndiyo maana huunguza mkono. Nyeupe nzuri, ikiwa mpya, hurudisha asilimia 80 hivi. Vumbi huipunguza, basi ulizeni pia namba ya baada ya miaka 3. Panapotuama maji, rangi ya silikoni hustahimili kuliko ya akriliki. Na kutu, jamani, ikwanguliwe na bati lipakwe praima, yaani rangi ya msingi, kwanza! Nimeona rangi ghali ikibanduka vipande vipande kwa kupuuza hilo.

Fundi wa mapaa