Lokesheni bila mtu wa kuipokea haisaidii

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Kila mara msichana anapopatikana ameuawa katika nyumba ya kukodi kwa siku, kabla hata mwili haujafika mochari swali limeshatangulia: "Alifuata nini huko?" Nililisikia sana Januari 2024, wanawake wawili walipouawa kwa nyakati tofauti katika nyumba za aina hiyo jijini Nairobi, hadi tarehe 27 watu wakaingia barabarani kuandamana katika miji kadhaa ya nchi hii. Ningali nalisikia dukani, kwenye matatu, na (uniwie radhi) katika namna baadhi ya habari zinavyoandikwa. Naandika kwa sababu naamini swali hilo linaharibu kinga ambayo simu ingeweza kutupa.

Mimi ni mwanamke, nasimamia nyumba za kukodi kwa siku huku Bamburi. Wageni wetu wengi ni familia za kutoka bara msimu wa Desemba, na watu wa semina. Lakini wapo wawili wawili ambao ndiyo mara yao ya kwanza kuonana, wala huhitaji kuambiwa. Mmoja hutangulia, mwenziwe huja baadaye kwa bodaboda, na pale getini hutazama uso, akatazama simu, akatazama uso tena.

Kazi hiyo ya kutazama ingefanywa mapema zaidi. Ukiandika nambari ya mtu kana kwamba unamtumia pesa kwa M-Pesa, jina lililosajili laini hutokea kabla pesa hazijaondoka. Unalisoma, unaghairi, hujapoteza hata shilingi. Kama amejiita Brian na laini inasema Fatuma, una haki ya kuuliza. Picha zake unaweza kuzipitisha kwenye Google Lens uone kama ameziiba kwa mtu mwingine, na dakika chache za simu ya video huwakimbiza matapeli wavivu. Sawa. Ila hayo yote yanakwambia huyu ni nani, hayakwambii amekusudia nini. Ile alama ya buluu kwenye programu za kutafuta wapenzi inathibitisha kwamba sura ya mtu ndiyo iliyo kwenye picha, basi. Mtu anaweza kuja na jina lake la kwenye kitambulisho, uso wake mwenyewe, na ubaya wake pia.

Ndiyo maana mimi naipa uzito zaidi lokesheni. WhatsApp ina njia mbili za kuituma, na wengi hubonyeza ile isiyofaa. Moja hutuma mahali ulipo dakika hiyo na kubaki hapohapo hata ukipelekwa Malindi. Nyingine hukufuata unakokwenda, kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 8 hata kama mnakwenda kunywa chai tu. Uwe na bando na chaji ya kutosha, maana data ikikatika, kile kidoto cha kwenye ramani hukwama pale ilipokatikia.

Na ramani haijui ghorofa. Jengo letu lina ghorofa sita, milango minne kila ghorofa. Mzazi anayetazama simu akiwa Voi ataona kidoto juu ya paa letu, na polisi wakija usiku watakuwa na milango 24 ya kugonga. Kwa hiyo ukishafika, mwandikie mtu wako jina la jengo, ghorofa na nambari ya mlango. Mwombe mlinzi nambari yake ya simu, uitume pia. Mlinzi mwenye akili hatashangaa, na akishangaa mwache ashangae.

Hapo sisi wenye nyumba tuna deni letu. Anayelipia chumba tunamjua, maana jina limeshakuja na malipo. Asiyejulikana ni mgeni wa mgeni. Fungua kitabu cha getini katika majengo mengi uone: "John", nambari ya simu yenye tarakimu nane, na saini isiyosomeka. Kwetu siku hizi mlinzi huangalia kitambulisho, kisha hupiga ile nambari palepale. Simu ikilia mfukoni mwa aliyeiandika, ndipo anaingia. Anayekataa anarudi alikotoka. Tumepoteza wateja kwa hilo, na sidhani walikuwa wateja wa kuliliwa. (Kitabu chenyewe kifungwe baada ya kuandikwa. Kikikaa wazi mezani, kila apitaye anasoma nambari za wanawake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikutungwa kwa ajili ya mabenki peke yake.)

Sasa nirudi kwenye lile swali. Lokesheni hiyo utamtumia nani? Binti anayejua kwamba nyumbani ataitwa malaya hamwambii mtu. Anaaga kwamba anakwenda kulala kwa rafiki yake, na rafiki naye ameambiwa hadithi nyingine. Simu yake ina kila kitu, isipokuwa mtu anayejua kwamba leo aangalie. Siku akipotea, ndugu huanza kumtafuta mahali asipowahi kufika.

Mpwa wangu aliniambia mwaka jana, "Shangazi, Jumamosi kuna mtu naenda kumwona. Nitakutumia lokesheni, lakini usiniulize maswali."

Nikamuuliza moja tu. "Nikupigie saa ngapi?"

Tukakubaliana saa tatu usiku. Akisema amesahau kumpa paka chakula, nijue anataka kuondoka, nami nimwambie kwa sauti ya kusikika kwamba bibi ameugua, huku natafuta teksi. Asipopokea, nipige mara ya pili. Kukiwa kimya, nampigia mlinzi wa pale alipo, kisha 999. Hatuna paka. Wala sijui hadi leo huyo kijana ni nani, na hamu ya kujua ninayo kweli. Lakini nikianza kumhoji, Jumamosi ijayo ataenda bila kuniambia, na hapo nitakuwa nimebaki na maadili yangu bila mpwa.

Simu nyingi za Android za sasa, na iPhone pia, zinaweza kuita msaada ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara tano mfululizo, hata simu ikiwa mkobani. Lazima uiwashe huduma hiyo mapema kwenye mipangilio na kuweka nambari za watu wako. Tatizo ni lilelile: hao watu wako wanajua uko wapi?

Wanaume wasidhani barua hii haiwahusu. Waliowekewa "mchele", yaani dawa ya kulaza mtu, kwenye kinywaji ni wengi kuliko wanaosema. Mtu anaamka saa nne asubuhi, M-Pesa imekaushwa, na juu yake kuna deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ambalo hakuliomba. Kidole cha aliyelala hufungua simu vizuri kabisa. Ukienda kuonana na mtu usiyemjua, zima alama ya kidole kwenye programu za pesa, ubaki na PIN. Na mwambie mwenzako mmoja uko wapi. Wengi hawasemi, kwa sababu mwanamume aliyeleweshwa huchekwa, na aliyemlewesha anajua hivyo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mawili. Waandishi wako wanaporipoti mauaji haya, watuambie mtuhumiwa aliingiaje katika jengo lile, nani alimwandika getini, na kamera zilikuwa zinafanya kazi au ni mapambo. Hayo yatatufunza zaidi kuliko kuambiwa marehemu alivaa nini na alikuwa na wafuasi wangapi. La pili, chini ya kila habari kama hiyo chapeni nambari za polisi, 999 na 112, pamoja na 1195 ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ambayo haitozwi pesa. Mzichape kwa herufi kubwa, maana wasomaji wako wengine ni sisi tunaosoma kwa miwani.

Msimamizi wa nyumba za kukodi,
Bamburi, Mombasa