Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda wa Dodoma: kabla hujatoa maelezo polisi

Wajukuu zangu wa vijiwe vya Nkuhungu, Majengo, Chang'ombe, Ipagala, Ihumwa na kule Mtumba,

Mbukwenyi.

Mwenyekiti wenu aliniomba nije niseme nanyi juu ya habari za kukamatwa. Nilikuja, lakini mkutano wote uliishia kwenye michango ya msiba na ugomvi wa maegesho, mzee nikapewa soda nikarudi nyumbani. Basi naandika. Anayependa kusoma amsomee asiyependa.

Ninalotaka mlishike ni moja. Ukishawekwa chini ya ulinzi, taja jina lako na unapoishi, kisha omba wakili au ndugu yako kabla hujaeleza chochote kuhusu tuhuma. Wahalifu wazoefu wanalijua hili tangu zamani. Wanaoumia ni ninyi msio na kosa, kwa sababu mnaamini kwamba mkisema haraka mtatoka haraka.

Nilikuwa mzee wa baraza katika vikao vya Mahakama Kuu, enzi zile kesi ya mauaji haisikilizwi bila sisi wazee kukaa na jaji. Nimeyasikia maelezo ya onyo mengi yakisomwa, yaani yale polisi wanayoyaandika mtuhumiwa akishaonywa kwamba halazimiki kujibu. Mara nyingi mshtakiwa alisimama akasema maneno yale si yake, au alipigwa mpaka akasaini. Hapo jaji alifungua kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, ili kupima kama mtu alisema kwa hiari, na sisi wazee tulitolewa nje tusisikie. Tulikaa kwenye kivuli tukizungumzia mvua na bei ya mtama. Tukiitwa kurudi, ama karatasi imekataliwa na hatutaisikia tena, ama imepokelewa na inasomwa kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza. Nawaambieni, kijana aliyekuwa akitetemeka kizimbani hakufanana hata kidogo na mtu aliyekuwa akizungumza ndani ya ile karatasi. Yule wa kwenye karatasi alikuwa mtulivu, anapanga mambo kwa mfuatano, anataja saa na majina kamili. Na ndiye tuliyetakiwa kumsikiliza.

Wengi mnadhani kesi inaanzia mahakamani, kwamba ya kituoni ni mazungumzo tu. Sivyo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu ungamo ambalo mtu amelitoa kwa hiari kwa ofisa wa polisi litumike dhidi yake, na ofisa anayehesabika hapo ni kuanzia konstebo. Haihitaji awe OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Yule askari wa rika lako anayekuchombeza kwenye difenda, "Mwanangu, ile pikipiki mliipeleka wapi?", naye yumo. Hata la mdomo huhesabika. Mahakama ya Rufani imekwisha kukubali maungamo ya mdomo, yakiwemo yaliyosemwa mbele ya raia wa kuaminika, mradi msemaji alikuwa huru. Kwa hiyo zile hadithi mnazomwaga mbele ya mtendaji na sungusungu kabla polisi hawajafika, hizo nazo zina miguu.

Na usijidanganye kwamba utakwenda kuyakana mbele ya hakimu yakafutika. Mahakama ina ruhusa ya kumtia mtu hatiani kwa ungamo alilolikana, hata bila ushahidi mwingine, ikishajionya juu ya hatari yake na kuridhika kuwa yaliyomo ni kweli.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa vijiweni hawalijui kabisa. Mnaambiwa, "Kubali tu tukuachie ukalale kwako." Mnadhani ahadi ile ikija kuwa uongo, karatasi nayo itatupwa. Sheria ya Ushahidi haisemi hivyo. Inasema ungamo halikataliwi kwa sababu tu ya ahadi au tishio, mpaka mahakama ione kwamba ahadi au tishio lenyewe lilikuwa la namna inayoweza kumfanya mtu akiri uongo. Mzigo wa kuthibitisha hiari ni wa upande wa mashtaka, ni kweli. Lakini wewe utakuwa umekwishakaa gereza la Isanga miezi mingapi ukisubiri mzigo huo ubebwe?

Sasa nichukue jambo la kawaida, la kila siku kwenu. Saa nne usiku abiria amekusimamisha Nane Nane, ana begi. Umempeleka Ipagala, amelipa, umeondoka. Kesho yake kuna duka limevunjwa na kamera ya jirani imeiona pikipiki yako. Unaitwa.

Mmoja wenu ataogopa na kusema, "Simjui, sijawahi kumbeba." Halafu simu yake inaonyesha yule abiria alimpigia mara mbili. Tayari kuna uongo kwenye jalada, na kuanzia hapo hata akitaja jina la mama yake wataliangalia mara mbili. Mwingine ataona aseme yote, tena kwa moyo mweupe: "Nilimbeba, na begi lilikuwa zito, hata nikashangaa mtu anatoka wapi na mzigo ule usiku." Alisema hivyo ili aonekane mkweli. Mwendesha mashtaka atauliza: ulishangaa, ukaendelea kumbeba? Kwa hiyo ulishuku? Ukishuku ukanyamaza, si ulikuwa unamsaidia? Neno moja la nyongeza, ambalo hakuna aliyemuuliza, limemtoa kwenye ushahidi na kumweka kwenye mashtaka.

Wakili hafanyi uchawi hapo, wala hakufundishi uongo. Akikufundisha uongo mkimbie. Kazi yake ni kutenganisha ulichokiona na ulichokidhania. Nilimbeba, saa hii, kutoka hapa hadi pale, akanilipa kiasi hiki. Basi. Ya kushangaa ubaki nayo.

Tena kuna la uandishi. Wewe unasema kwa kurukaruka, Kiswahili cha kijiweni kimechanganyika na Kigogo, unarudi nyuma, unajisahihisha. Mpelelezi anaandika kwa ufupi wake, kwa mpangilio wake. Si lazima awe na nia mbaya. Nina mpwa wangu askari, namjua, anachoka kama ninyi mnavyochoka. Ana majalada mengi na mkubwa wake anataka kila moja lifike mahali. Kazi yake ni kujenga kesi, na wewe ndiye umekaa mbele yake. Kumwomba awe askari na papo hapo awe mtetezi wako ni kumwonea.

Sasa haki zenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka askari anayekuhoji ukiwa chini ya ulinzi akutajie jina na cheo chake, akuambie kwa lugha unayoielewa kosa unalotuhumiwa, akuonye kwamba hulazimiki kujibu swali lolote isipokuwa jina na anwani yako, na akufahamishe kwamba unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Angalieni vizuri: wakili, ndugu au rafiki. Maana najua mtakachosema, "Babu, wakili tutamlipa na nini?" Ndugu hadai ada. Ila chagueni ndugu mwenye kichwa baridi. Yule shangazi anayefika kituoni akipiga kelele mpaka naye awekwe ndani, mwacheni nyumbani.

Askari anaweza kukukatalia mawasiliano hayo akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba mwenzako atatoroka au ushahidi utaharibiwa. Akikataa, usibishane. Sema kwa adabu, na uliseme tena kila ukiulizwa: "Afande, sikatai kutoa maelezo. Naomba kwanza niwasiliane na wakili au ndugu yangu." Kisha nyamaza kweli. Wengi hulisema hilo halafu dakika tano baadaye wanaanza wenyewe, "Lakini afande, unajua mimi pale nilikuwa..."

Muda nao una sheria. Muda wa msingi wa kukuhoji ni saa 4 tangu ulipowekwa chini ya ulinzi, na unaweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa 8. Safari ya kukupeleka kituoni haihesabiwi, wala muda uliopita ukisubiri wakili. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali yamewahi kutupwa na mahakama. Ndiyo maana nataka kila mmoja ajue alikamatwa saa ngapi, na aliyekuwa naye aandike.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mgome, wala mkimbie, wala mvutane na askari barabarani; kuzuia kukamatwa ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Trafiki akikusimamisha, toa leseni, mambo ya wakili hayahusiki hapo. Na ukiitwa kama shahidi tu, hali ni tofauti: sheria inakutaka ujibu kwa ukweli, isipokuwa maswali ambayo majibu yake yanaweza kukutia hatiani wewe mwenyewe. Shida ni kwamba mtu anaitwa kwa simu, "Njoo kituoni tuna maongezi kidogo," anakwenda peke yake kama shahidi, na jioni yuko mahabusu. Ukiitwa, nenda. Lakini uliza unaitwa kama nani, kuhusu jambo gani, na nani anakuita, kisha nenda na mtu. Maswali yakianza kukugeukia wewe, omba wakili papo hapo. Na kama hujui, sema hujui. Kukisia saa au rangi ya shati ili umridhishe anayeuliza ni kujitengenezea mgongano wa kusomewa baadaye.

Kwa aliye chini ya miaka 18, na najua mnao wanaoendesha kwa kificho, mzazi au mlezi lazima ajulishwe. Lakini huyo kwanza ashushwe kwenye pikipiki.

Kusaini. Usisaini wala kutia dole gumba kwenye karatasi tupu, au usiyosomewa. Una haki ya kusomewa maelezo yako na kuyarekebisha. Sehemu isiyo sawa, sema irekebishwe, usaini pembeni. Polisi wakichukua simu au pikipiki, hati ya ukamataji mali ioneshe kilichochukuliwa. Isome kabla ya kuweka jina lako, maana ukisaini kwamba mkoba fulani ulikutwa kwako, utakuwa umeshasema mengi bila kufungua mdomo.

Mkipigwa, na naomba isitokee, kuna mlango mmoja ambao watu huupita bila kuuona. Mtu anayetaka kukiri huweza kupelekwa kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo. Huyo si polisi. Anatakiwa akuulize kama umepigwa, umetishwa au umeahidiwa kitu, na auangalie mwili wako. Nimesikia maelezo mengi ya walinzi wa amani ambamo mtu ameulizwa haya yote na amejibu "hapana", kisha miaka miwili baadaye anamwambia jaji alipigwa. Pale kwa mlinzi wa amani ndipo pa kusema. Vua shati, onyesha. Mwambie pia, kama ndivyo ilivyo, kwamba hutaki kutoa maelezo yoyote.

La dhamana nitalipitia haraka kwa kuwa linajulikana: kutoa dhamana ya polisi hakulipiwi. Kama kosa halina adhabu ya kifo na huwezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, sheria inataka upewe dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Anayekuomba "ya kutolea" anaomba rushwa, na TAKUKURU wanapatikana kwa 113.

Linalobaki ni la chama chenu. Mna kikoba, mnachangiana harusi na misiba kwa uaminifu kuliko sisi wazee. Tengeni fungu la wakili. Mkutane naye mkiwa huru, mkubaliane bei mchana mweupe, si saa sita usiku mwenzenu akiwa ndani na mke wake akilia. Kabla hamjampa hata shilingi, mtafuteni jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, muone kama ana ruhusa ya kufanya kazi mwaka huu, kwa sababu vishoka, mawakili wa uongo, wanaozurura nje ya mahakama zetu ni wengi na wanavaa tai nzuri kuliko mawakili. Msipomudu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria; ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii wapo wapi hapa mjini. Msaidizi wa kisheria hawezi kukusimamia mahakamani, lakini anajua njia ya kituoni.

Kila kijiwe kichague mtu mmoja wa kufuatilia mwenzenu akikamatwa. Akifika kaunta aulize kwa heshima: yuko hapa? Anatuhumiwa nini? Namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikwa kituoni? Mpelelezi ni nani? Amekamatwa saa ngapi? Ayaandike yote, ampigie wakili, arudi na ndugu. Asianze kumtetea mwenzake pale kaunta, kwa sababu atakachosema nacho kinaweza kuandikwa.

Na namba ya wakili muijue kwa kichwa. Simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Katibu, mkutano ujao liwe la kwanza kwenye ajenda, kabla ya michango, na mimi nitakuja bila kuitwa.

Babu yenu,
Mzee wa baraza mstaafu, Kikuyu, Dodoma