Rufaa imeshinda, kifungo kimekwisha

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nilipokuwa mwalimu mpya kazini, na miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu ya ile habari ya juma lililopita, ya kijana aliyekata rufaa hadi Mahakama Kuu akafutiwa hatia ya kutishia kuua. Mliipa kichwa kikubwa kwamba haki imetendeka. Mstari wa mwisho kabisa, ambao naamini wasomaji wengi hawakuufikia, ulisema kijana huyo alikwisha kumaliza kifungo chake. Haki gani hiyo iliyotendeka? Na mwandishi wenu alishindwaje kuona kwamba mstari ule wa mwisho ndio uliokuwa habari yenyewe?

Mambo haya nayajua kwa kuwa yamepita nyumbani kwetu. Mdogo wangu ni mkulima wa mahindi na mihogo huku mkoani Tanga. Mwaka juzi mbuzi wa jirani walivuka mpaka wa minyaa, mara ya tatu katika msimu mmoja, wakala mihogo michanga. Mdogo wangu alikuwa anapalilia, panga mkononi kama mkulima yeyote saa nne asubuhi. Akasogea hadi kwenye minyaa, akabaki upande wake, akamwambia mwenye mbuzi: "Wakirudi tena hawa, utakiona kilichomtoa kanga manyoya." Akageuka akaendelea kupalilia. Kesho yake mgambo wawili wakaja kumchukua.

Nimefundisha Kiswahili miaka 31. Msemo huo nimeufundisha mimi mwenyewe, nimeutungia maswali ya mtihani, nimeusikia kwa mama anayemkemea mtoto aliyevunja kikombe na kwa shabiki wa mpira kabla ya mechi. Maana yake ni utapata taabu, utajuta. Lakini mahakama ya mwanzo mashahidi watatu walikuja na maneno matatu. Wa kwanza alisikia "nitakukata." Wa pili alisikia "utaona." Wa tatu, mzee aliyekuwa akichuma machungwa shamba la pili, ndiye peke yake aliyeutaja msemo kama ulivyosemwa. Hati ya mashtaka yenyewe iliandika kwamba mshtakiwa alitishia kuua kwa maneno, basi. Maneno gani, haikusema. Hakimu akayachukua maneno na panga, akayafunga pamoja. Miezi tisa jela.

Sisemi vitisho vichekewe. Nina mwanafunzi wangu wa zamani aliyehama nyumba usiku na watoto wawili kwa sababu mumewe alimwambia, tena kwa sauti ya chini, kwamba hataiona Idi. Mwanamke huyo alistahili mahakama imsikilize siku ile ile. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kimewekwa kwa ajili ya watu kama yeye: mtu anapotishia kumdhuru mwenzake, kumuua au kuharibu mali yake, kwa nia ya kumtia hofu au kumuudhi. Kosa hili karibu lote ni maneno. Basi maneno yapimwe: yalikuwa yapi, yalisemwa vipi, nani aliyasikia, na aliyeyasema alikuwa na nia gani. Yakipimwa vibaya mara ya kwanza, rufaa ndiyo mizani ya pili. Na mizani hiyo ya pili, kwa mtu aliyefungwa miezi michache, haifiki kwa wakati.

Nieleze ilivyokuwa. Hukumu ilisomwa mwanzoni mwa Machi. Kutoka mahakama ya mwanzo rufaa inakwenda mahakama ya wilaya, na sheria inatoa siku 30. Tulikwenda kuomba nakala ya hukumu. Tukaambiwa njooni Jumatatu. Jumatatu tukaambiwa haijachapwa. Shemeji yangu alikuwa anatembea na mtoto mgongoni, nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya debe la mahindi, na kila safari jibu ni lile lile. Siku ya 26 nikakutana kwa bahati na kijana niliyemfundisha, sasa ni wakili mjini, akashika kichwa. Akanieleza kwamba rufaa inayotoka mahakama ya mwanzo haihitaji kuambatanishwa na nakala ya hukumu. Unaandika sababu zako, unaziwasilisha, jalada la kesi litaitwa kutoka mahakama ya mwanzo. Siku 26 tumekaa tukingoja karatasi ambayo haikuhitajika, na hakuna mtu hata mmoja pale dirishani aliyefungua mdomo atuambie! Wangapi wamengoja karatasi hiyo hadi siku ya 31, kisha wakaambiwa wamechelewa na waanze kuomba kuongezewa muda? Tukawasilisha siku ya 29. Tukaomba dhamana wakati rufaa ikisubiri kusikilizwa. Tukajibiwa kwamba hakuna sababu za kipekee za kumpa. Kisha likaanza suala la jalada. Kati ya mahakama hizo mbili ni kilomita 19. Mimi mstaafu mwenye goti bovu nazitembea kwa siku moja. Jalada lilifika Agosti. Mfungwa mwenye nidhamu husamehewa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo miezi tisa ilikuwa sita, na mwanzoni mwa Septemba mdogo wangu alikuwa nyumbani, kichwa kimenyolewa, anatazama shamba lililomezwa na nyasi. Rufaa ilisikilizwa Oktoba. Hukumu ya rufaa ilisomwa Novemba, na alishinda, kwa sababu zile zile ambazo mtoto wa darasa la saba angeziona: mashahidi hawakukubaliana na hati haikutaja maneno. Hakimu alimaliza kwa kusoma kwamba mrufani aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Mrufani alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye benchi, ameshika kofia yake magotini. Tulikuja naye kwa Haisi asubuhi. Akanigeukia akaniuliza polepole, "Kaka, wananiachia kutoka wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Na jirani je? Katika rufaa kama hizi mlalamikaji ndiye anakuwa mjibu rufaa, kwa hiyo naye aliitwa mara tatu, akaacha mbuzi wake, akapanda Haisi ile ile tuliyopanda sisi. Safari ya pili alikaa nyuma ya shemeji yangu na hawakusemeshana njia nzima. Kama mdogo wangu angekuwa kweli mtu wa kuua, jirani huyo angekuwa ameachiwa wasiwasi wa miezi minane bila kujua mahakama ya juu inaonaje.

Hapo hapo niseme na jambo la waandishi wenu, maana limeniudhi muda mrefu. Mnachanganya hukumu na adhabu. Mnaandika mtu "amepunguziwa hukumu." Hukumu haipunguzwi, adhabu ndiyo inayopunguzwa. Mtu anaweza kupinga kutiwa hatiani, anaweza kupinga adhabu peke yake, na anaweza kupinga vyote viwili, na tofauti hiyo ni kubwa kwa mwananchi. Mtu aliyekiri kosa, mlango wa kupinga hatia umemfungia, isipokuwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na utata. Anabaki na mlango wa adhabu tu. Sasa fikiria mkulima anasomewa shtaka la kutishia, anaulizwa ni kweli si kweli, naye kwa uungwana wake anajibu, "Ni kweli nilisema." Amekiri kusema; nia hakukiri. Lakini likiandikwa neno moja, "kweli," amekwisha kujifungia mlango. Wasomaji wenu wangejua hili kama magazeti yangeandika kwa maneno sahihi. Mkiendelea kuandika hukumu mahali pa adhabu, mnawapotosha watu watakaosimama kizimbani kesho.

Katiba yetu, ibara ya 13(6), inatoa haki ya kukata rufani, na ibara ya 107A inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Ninaomba vitu vitatu, na sioni kimoja kinachohitaji bajeti. Mtu aliyefungwa na mahakama ya mwanzo, ambayo kwa kawaida haifungi zaidi ya miezi 12, akiwasilisha rufaa ndani ya siku 30, ufupi wa kifungo chake uhesabiwe kuwa sababu ya kipekee ya dhamana, na ombi lake lisikilizwe ndani ya siku saba. Au afanye kifungo hicho nje, kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002: afyeke uwanja wa zahanati huku rufaa ikisubiri. Pili, jalada lipelekwe kwa mkono, na karani aliyelipokea na aliyelitoa waandike majina na saa kwenye daftari ambalo mrufani anaruhusiwa kulisoma. Tatu, kwenye dirisha la kila mahakama ya mwanzo nchini ibandikwe karatasi moja, herufi nyekundu zenye urefu wa kidole: KUKATA RUFAA NI SIKU 30. USINGOJE NAKALA YA HUKUMU. Dirisha la kwetu nimekwisha kulipima, ni sentimita 60 kwa 90. Karatasi hiyo nitaiandika mimi kwa mkono wangu, hati nzuri ya ubaoni, wakiniruhusu kuibandika.

Mwalimu mstaafu,
Tanga