Nitumie sauti yako, shoga

Tanga, 16 Aprili 2024

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Idi imepita sijakupigia hata simu, najua umeshaninunia. Ninunie, ila soma kwanza. Sisi wazima, mvua tu ndiyo haitaki kukata, njia ya kwa Mama Zuhura haipitiki tena. Huko Morogoro mnaendeleaje na maji? Haya.

Nina shida. Wifi kamkatalia binti yake Salma chanjo, ile ya saratani ya mlango wa kizazi. Jumatatu wanaanza kupita mashuleni.

Kisa ni sauti iliyoingia kwenye kundi la familia usiku. Mwanamke anajiita daktari, anaongea taratibu, kwa uchungu, Mungu hamtoki mdomoni, anasema wasichana wakishadungwa hawatazaa. Jina lake hataji, hospitali hataji. Juu ina ile mishale miwili, yaani imeshapita mikono mingi mpaka WhatsApp wenyewe wanakuzuia kuituma zaidi ya sehemu moja kwa mkupuo. Nikamwonyesha wifi. Akanijibu, "Si ndiyo ujue watu wengi wanaiamini!" Nilikosa la kusema, nikaenda zangu kukoroga uji.

Na uzushi wenyewe mzee. Unakumbuka 2014 Kenya, maaskofu Wakatoliki na chanjo ya pepopunda? Maneno yale yale, eti imetiwa dawa ya kuzuia uzazi. WHO na UNICEF wakakanusha, lakini wapi. Sasa wamebadilisha jina la ugonjwa tu.

Kinachoniuma, maswali ya wifi si ya kijinga. Kwa nini wasichana peke yao? Kwa nini bure, na Panadol tunanunua? Kwa nini shuleni, wazazi hatupo? Taarifa iliyokuja nyumbani ina mistari michache, haijibu hata moja. Mimi nikamweleza kwamba virusi vinavyoleta saratani hiyo, HPV, huambukizwa kwa kujamiiana, ndiyo maana wanawahi wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajaanza mambo hayo. Akaruka: "Kumbe mnamfundisha uhuni!"

Kaka naye ndiyo kabisa, eti mama mtu akikataa yeye hana neno. Huyo huyo aliyekodi gari 2011 kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, akalala foleni porini Samunge, akarudi na sukari yake ile ile na mafua juu. Ukimkumbusha anacheka, anasema ile ilikuwa imani.

Sasa ombi langu. Karatasi wifi hasomi, na za Wizara ukimtumia hafungui. Kilichomshika ni sauti ya mtu mzima, mpole, anayeongea naye kama anamjali. Wewe sauti hiyo unayo, tena jina lako analijua, na Salma alizaliwa mikononi mwako kabla hujahamia huko! Nirekodie. Usimtaje yule mwanamke, wala usianze kukanusha neno kwa neno, atabaki anakumbuka uongo tu. Mwambie unayoyaona wodini, wale wanaokuja wamechelewa, damu haikatiki, mnawapa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani. Mwambie aina mbili tu za kirusi hicho, 16 na 18, ndizo zinazoleta kama asilimia 70 ya saratani hii. Mwambie sasa ni sindano moja, si mbili tena. La marehemu Bi Mwanaidi... sijui. Wifi unamjua, pima mwenyewe.

Na isizidi dakika mbili, nakuomba. Wewe ukishika simu hata bando linalia.

Nikitumia mimi kundini itaonekana tunabishana, kwa hiyo mtumie yeye moja kwa moja, kabla ya Jumapili. Au unaona bora umpigie? Sindano yenyewe inauma sana? Salma ananiuliza kila jioni. Akiwa na mafua siku hiyo, wanamchanja? Akikosa shuleni, naweza kumpeleka kituo cha afya mama yake akikubali baadaye? Kwenu huko wazazi wanaitikiaje, au na nyinyi mmeletewa sauti hiyo hiyo? Mgongo umepoa? Na posa ya Kidawa imefikia wapi, au nayo ni uzushi wa kundi?

Wako,
Mwanahawa