Aliyepona UVIKO ana kinga mbili, na muda wake haulingani

Mhariri,

Kuanzia kwenye boti za Kibirizi hadi vijiwe vya Ujiji, bado utasikia kauli ile ile: "Mimi nilishaugua UVIKO, kwangu yamekwisha." Kauli hiyo imeazimwa kutoka kwenye surua, na hapo ndipo inapokosea.

Surua ukiugua mara moja, imetosha. Ilipoingia visiwa vya Faroe mwaka 1846, daktari Peter Panum alikuta kwamba wazee walioiugua mwaka 1781 haikuwagusa, na hapo ilikuwa imepita miaka 65. Sababu ni mwendo wake. Virusi vya surua huchukua kama siku kumi kabla ya homa kuanza, na husambaa kwa kupitia damu. Seli za kumbukumbu, zile zilizobaki baada ya kuugua mara ya kwanza, zinahitaji siku tatu hadi tano kuzaliana na kumwaga upya kingamwili, yaani protini zinazopambana na virusi. Kwa surua muda huo upo. Virusi vya UVIKO-19 hutua puani na kooni, na ndani ya siku tatu au nne mtu anaweza kuwa anakohoa na ameshaambukiza waliolala naye chumba kimoja. Msaada unafika, ila umechelewa mlangoni. Unachowahi kuokoa ni mapafu. Tena virusi hivi hubadili umbo mara kwa mara, jambo ambalo surua haijafanya kiasi cha kuipita kinga.

Kwa hiyo ukiuliza "kinga inadumu muda gani?", jibu kwanza: kinga dhidi ya nini? Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2023, uliokusanya tafiti 65 kutoka nchi 19, ulitazama hali ya watu wiki 40 baada ya kuugua. Kinga dhidi ya kuambukizwa tena aina za awali ilikuwa karibu asilimia 79. Dhidi ya Omicron BA.1, aina ya baadaye ya virusi hivyo, ilikuwa asilimia 36 tu. Lakini kinga dhidi ya kuugua vibaya, hata kwa Omicron hiyo hiyo, ilibaki karibu asilimia 89. Ndugu wanne wa virusi vya UVIKO, wanaotuletea mafua ya kawaida, wana tabia hiyo hiyo: mtu huweza kuambukizwa tena baada ya mwaka mmoja hivi.

Vipimo navyo vinachanganya watu. Kipimo cha kingamwili kikionyesha mstari, maana yake mwili wako umewahi kukutana na kirusi au chanjo. Hakisemi kwamba huambukizwi leo. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, nacho huweza kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu kinanasa hata mabaki ya virusi vilivyokufa. Ndiyo maana wataalamu wengi, wakitaka kutenganisha ugonjwa mpya na mabaki ya ule wa zamani, walitumia mpaka wa siku 90. Anayetaka kujua kama anaambukiza sasa hivi atasaidiwa zaidi na kipimo cha haraka cha antijeni, yaani kinachotafuta protini za kirusi chenyewe.

Mzee, mjamzito au mwenye kisukari aliyepona mwaka juzi akianza kukohoa asijihesabu salama. Mhesabieni pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikizidi 30, au kifaa cha kidoleni kikisoma oksijeni chini ya asilimia 90, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Na kwa kuwa sisi tuko jirani na Burundi na Kongo, niongeze la Mpox (homa ya nyani), ugonjwa wa vipele ambao watu huufananisha na tetekuwanga. Kuugua tetekuwanga utotoni hakukukingi nayo. Ni familia nyingine kabisa ya virusi. Inayosaidia kwa kiasi ni chanjo ya ndui, ambayo ilikoma kutolewa kwa umma wote ugonjwa huo ulipotokomezwa, na kutangazwa hivyo mwaka 1980. Kijana anayeonyesha kovu la begani kama ushahidi wa kinga anaonyesha kovu la chanjo ya kifua kikuu.

Mdau wa afya,
Kigoma Mjini