Aliulizwa mtu wake wa karibu, akamtaja dada yake

Shikamoo Shangazi,

Kunakucha na sijapata hata lepe la usingizi. Mume wangu anataka kupasuliwa ubongo kwa ajili ya sonona, ile huzuni nzito ya ugonjwa isiyomwachia. Usinielewe vibaya, upasuaji siupingi. Kinachonichoma ni kwamba daktari alimuuliza nani awe mtu wake wa karibu, wa kumwangalia baada ya operesheni, naye akamtaja wifi. Nami nimekaa palepale, mkoba mapajani.

Dawa zake anazijua nani? Zimebadilishwa, zimechanganywa, ikaongezwa lithiamu inayotaka apimwe damu kila mara. Mwisho akatiwa umeme kichwani chini ya nusukaputi. Ulimsaidia, sikatai, kisha sonona ikarudi palepale, na mengine yakamfutika. Harusi ya mdogo wangu haikumbuki kabisa. Mimi ndiye niliyemsimulia nani alicheza na nani.

Sasa atobolewe fuvu, waya mbili nyembamba ziingizwe ndani kabisa ya ubongo, nyingine ipite chini ya ngozi nyuma ya sikio hadi kwenye betri kifuani. Wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, wanawekewa siku nyingi, lakini kwa sonona bado ni utafiti, ndiyo maana ya fomu zote hizo. Yeye kang'ang'ania habari ya utafiti wa Toronto, Kanada, mwaka 2005: wagonjwa 6 wa mwanzo, 4 wakapata nafuu. Namwambia asome na ule wa Marekani. Watu 90, wote walipasuliwa, wengine mashine ikawashwa, wengine ikaachwa imezimwa bila wao kujua. Miezi 6 ikapita, tofauti ya maana hakuna, na utafiti ukasimamishwa. Daktari akakubali, ila akasema wakaendelea kuwafuatilia, na baada ya miaka 2 ya kuwashiwa karibu nusu walikuwa na nafuu. Wifi akaitikia kwa kichwa, utadhani utafiti ni wake.

Halafu tukapewa betri ya mfano tuishike. Mume wangu akaiweka chini ya mtulinga, juu ya shati, akaishikilia hapo, akamgeukia dada yake: "Itaonekana?" Dada yake! Kifua hicho nani anakijua?

Njiani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe umechoka." Basi. Nani asingechoka, Shangazi? Nimewahi kulalamika? Labda kwa mama yangu, na mama si mtu baki.

Na daktari mwenyewe alisema umeme wa waya hizo hupandishwa na kushushwa kidogo kidogo kwa miezi, na mara nyingi wa nyumbani ndiye anayewahi kuona mabadiliko: halali, amechangamka kupita kiasi, au amezama tena. Wifi ataona nini naye halali kwetu? Ataona kwa simu?

Hatari nazijua, damu kuvuja ubongoni, kidonda kuingia vijidudu. Siyo hizo zinazoninyima usingizi. Nataka apone, nimeomba apone mpaka nikaishiwa maneno. Lakini jana niliikuta ile fomu mezani na mkono ukanituma niichane. Nikairudisha kwenye bahasha.

Kuna na hili, ingawa silo lililonifanya niandike. Tangu tuoane amekuwa mgonjwa. Mimi ndiye ninayemwamsha, ninayemsemea kwa wageni, ninayejua leo asiulizwe kitu. Waya zikifanya kazi, huyo atakayeamka hatanihitaji kwa hayo, sasa atanihitajia nini? Hilo unaweza kuliruka.

Nijibu hili tu: nimwendee daktari aliandike jina langu, au ninyamaze, wifi ajionee mwenyewe usiku ulivyo mrefu? Wanataka jibu wiki ijayo. Mimi nimewekewa mstari mmoja tu wa kutia saini, mwisho wa ukurasa, kama shahidi. Mke, shahidi!

Tafadhali jina langu usiliandike. Wifi anakusoma kila wiki.