Kabla Hujainunua Nyumba ya Mbali

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili, na furaha uliyonayo kwa kuipata nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja, kwa bei ambayo karibu na katikati ya jiji isingekupatia hata vyumba viwili, nimeiona katika kila mstari. Hata hivyo nakuomba unisikilize kabla hujatia saini, kwa sababu jambo lililoishusha bei hiyo umelitaja kwa maneno machache tu: saa moja na nusu ya kwenda kazini, na nyingine kama hiyo ya kurudi.

Nyumba mbili zinaweza kujengwa kwa matofali yale yale na fundi yule yule, kisha moja ikauzwa mara mbili ya nyingine, kwa kuwa kinachotofautiana sana ni thamani ya kiwanja. Mjerumani Johann Heinrich von Thünen aliyaeleza haya mwaka 1826 akizungumzia mashamba: kadiri shamba linavyokuwa mbali na soko, ndivyo kodi anayolipwa mwenye ardhi inavyopungua, kwa sababu gharama ya kusafirisha mazao inakula faida. Mwaka 1964 Mmarekani William Alonso aliiendeleza hoja hiyo kwa miji ya leo, ambako kinachosafirishwa kila siku ni mtu mwenyewe. Anayekaa mbali hulipa kidogo kwa ardhi, na kinachobaki hukilipa kwa nauli na kwa saa zake.

Tupige hesabu yako. Sasa unatumia dakika 40 kwenda na 40 kurudi. Ukihama utatumia dakika 180 kwa siku, yaani 100 zaidi. Kwa siku 230 za kazi katika mwaka, hizo ni saa 383, sawa na siku 48 za kazi za saa nane, nawe hutalipwa hata moja. Nilipoiona namba hiyo niliirudia hesabu, nikidhani nimekosea.

Pengine utaniambia kwamba unafuu wa bei unafidia yote hayo. Huenda ukafidia, lakini si kwa kila mtu. Unafuu huo haukupimwa kwa kukuangalia wewe. Umetokana na wanunuzi wote wanaoshindania nyumba za eneo hilo, ambao baadhi yao wanafanya kazi karibu na huko, wengine huenda mjini mara moja kwa wiki, na wengine hawana watoto wadogo wanaowasubiri jioni. Kwa mtu wa namna hiyo bei hiyo ni nafuu ya kweli. Wewe unakwenda mjini siku tano na watoto wako hulala mapema, kwa hiyo unafuu uleule unaweza kuwa hasara kwako. Hili ndilo linalonihangaisha kuliko mengine yote.

Tena usipime kwa kilomita. Bei za nyumba hufuata dakika, na ndiyo maana mtaa ulio mbali lakini wenye kituo cha treni ya haraka unaweza kuwa ghali kuliko ulio karibu ambao barabara yake hujaa foleni kila asubuhi. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London mwaka 1863, na njia zake ziliporefushwa kwenda nje ya jiji, mashamba yaligeuka vitongoji. Kuhusu reli mpya ambayo dalali amekuahidi, kumbuka kwamba mara nyingi bei hupanda mradi unapotangazwa tu, kabla treni haijapita. Hivyo unaweza kuwa unailipia sasa, na ikichelewa, kusubiri ni kwako.

Sisemi uikatae nyumba hiyo. Mwajiri wako akikuruhusu kwa maandishi kufanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, hesabu yangu inabadilika kabisa, nami nitakuja kukusaidia kuhamisha vyombo. Ninachokuomba ni hiki: juma lijalo, siku ya kazi, amkia huko kwenye nyumba hiyo, usafiri saa ileile utakayosafiri kila siku, kisha urudi jioni pamoja na watu wote. Fanya hivyo siku mbili, uniandikie dakika ulizopata, nami nitazipigia hesabu upya kabla ya siku ya malipo.

Wako akupendaye daima,
Rafiki yako